Mto Hausafishwi kwa Sifa

Msomaji mpenzi, ukipata kusoma vitabu vya siku hizi vinavyohusu mazingira, hutakosa kukutana na usemi mmoja uliovikwa mavazi mengi. Usemi huo hudai ya kuwa watu wa Magharibi waliiharibu dunia kwa sababu waliiona kuwa mali tu, na ya kuwa dawa ya maradhi hayo ilikwisha patikana zamani sana katika hekima ya Bara Hindi, ambako mto ni mama, mti una roho na mnyama ni ndugu. Ni usemi mtamu masikioni. Wanavyuoni huuandika, wahubiri huupaza majukwaani, na ninyi wanafunzi mmekwisha anza kuutia katika insha zenu mkitumaini alama. Mimi nasema ya kuwa nusu yake ni kweli, na nusu ile nyingine imewatia wengi usingizini. Nataka tuzitenge nusu hizo mbili kama mtu apetavyo mchele, na makapi nitayaita makapi hata kama yametoka katika ungo wa watu wenye majina makubwa.

Nianze kwa kutoa haki, maana wako pia wanaokosea kwa upande wa pili. Hao hawapendi kusikia ya kuwa Ulaya na Marekani zilijifunza jambo lolote kutoka Mashariki. Hudhani falsafa ya mazingira ilizaliwa katika maabara ya mtaalamu wa mimea, siku alipohesabu samaki waliokufa. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1785 Mwingereza Charles Wilkins, mtumishi wa kampuni iliyokuwa ikiitawala Bengal, alitoa tafsiri ya Bhagavad Gita kwa Kiingereza. Kitabu hicho kikavuka bahari hata kikafika Massachusetts, mikononi mwa Henry David Thoreau, kijana aliyejijengea kibanda kando ya ziwa dogo la Walden akakaa humo tangu 1845 hata 1847. Habari za makazi hayo alizitoa kitabuni mwaka 1854, na kitabu hicho hata leo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mawe ya msingi ya fikra za mazingira katika nchi yake. Ndani yake Gita imetajwa kwa heshima kuu. Zamani hizo matajiri wa Boston walikuwa wakikata barafu maziwani wakati wa kipupwe na kuipakia merikebuni mpaka Calcutta. Na Thoreau alipowaona vibarua wakiikata barafu ya Walden, alifurahi kuwaza ya kuwa maji aliyoyanywa yeye yangekwenda kuchanganyika na maji ya Ganga. Barafu ilikwenda upande mmoja, fikra zikaja upande mwingine! Tena fikra hizo hazikukaa zilipofika. Mohandas Gandhi, alipokuwa mwanasheria Afrika Kusini, alisoma insha ya Thoreau juu ya wajibu wa mtu kukataa sheria ya dhuluma, akaona humo silaha inayofanana na ile aliyokwisha anza kuifua mwenyewe. Asiyetaka kukiri deni hili atakuwa na kazi ya kueleza safari hizi zote.

Albert Schweitzer naye, daktari aliyejenga hospitali Lambaréné katika Gabon, alikuwa akisafiri katika mto Ogooué mwezi wa Septemba 1915, chombo kikipita kati ya viboko, lilipomjia neno alilokuwa akilitafuta kwa siku nyingi: heshima kwa uhai. Hakuwa mfuasi wa dini za Kihindi. La hasha, katika kitabu alichotoa mwaka 1935 juu ya wenye hekima wa Bara Hindi aliwalaumu wengi wao kwa kuukimbia ulimwengu badala ya kuutengeneza. Walakini alikiri ya kuwa siku watu wa dini ya Jaini walipoweka amri ya kutoua na kutodhuru kiumbe, amri iitwayo ahimsa, lilitendeka moja ya mambo makuu katika historia ya roho ya binadamu. Na Rachel Carson, alipotoa mwaka 1962 kitabu chake juu ya sumu za kuulia wadudu kilichoiamsha Marekani nzima, alikitunuku kwa Schweitzer.

Lakini mwenye deni kubwa kupita wote ni Arne Naess, Mnorwe aliyezaliwa 1912 na kufariki dunia 2009. Alipewa kiti cha uprofesa wa falsafa Oslo akiwa na umri wa miaka 27. Alikuwa mpanda milima hodari. Mwaka 1950 aliongoza msafara wa kwanza kukifikia kilele cha Tirich Mir, chenye mita 7,708, katika Pakistan. Mwaka 1973 alichapa makala fupi iliyowagawa watetezi wa mazingira mafungu mawili. Fungu la kwanza, alisema, lina kina kifupi: hupigana na uchafu na upungufu wa mali kwa ajili ya afya na raha ya watu wa nchi tajiri. Fungu la pili lina kina kirefu: huuliza binadamu ana haki gani juu ya viumbe wengine, na kwa nini aishi kama aishivyo. Mafundisho hayo sasa huitwa ekolojia ya kina.

Kiini cha mafundisho yake ni neno nafsi. Wewe na mimi hudhani nafsi zetu zinakoma pale ngozi inapokoma. Naess alikana. Alisema ya kuwa nafsi hukua: kwanza humeza mama na ndugu, kisha jamaa, kisha kijiji, na isipozuiwa itakua hata iushike mto, msitu na mnyama aliye msituni. Mtu ambaye nafsi yake imekua hivyo hangoji kuamriwa asiukate mti, kama wewe usivyongoja kuamriwa usijikate kidole. Wazo hilo hakuliokota hewani. Alimsoma Spinoza, ni kweli, lakini alikuwa amemsoma Gandhi tangu ujana wake na kuandika vitabu juu yake. Tena aliegemea waziwazi sura ya sita ya Gita, inayofundisha habari za mtu aliyezishinda tamaa zake hata ukuta uliopo baina yake na viumbe wengine ukaanguka. Hakulificha deni lake. Na tena, jambo ambalo wanafunzi wake wengi hulipita upesi, hakuishia kwenye karatasi. Mwaka 1970 alikwenda kuketi pamoja na watu waliokuwa wakizuia maporomoko ya Mardøla yasifungwe kwa ajili ya umeme, wakifuata mwendo wa Gandhi wa kutopiga wala kutukana, hata askari wakaja wakambeba. Mwaka uliofuata alikwenda Nepal, chini ya mlima Tseringma, ambao Washerpa wa kijiji cha Beding, wafuasi wa Buddha, waliuhesabu kuwa mtakatifu. Wanakijiji hao walikuwa tayari kukosa ujira wa kuwabebea wageni mizigo, mradi kilele chao kisikanyagwe. Naess, mpanda milima, alikubali kubaki chini.

Sitakaa sana kwa E. F. Schumacher. Itoshe kusema ya kuwa mtaalamu huyo wa uchumi alikwenda Burma mwaka 1955 kutoa shauri, akarudi amepewa shauri. Na kitabu chake cha 1973 kilichowafundisha vijana wa Ulaya kupenda vyombo vidogo na kazi ya mikono kina sura nzima iliyojengwa juu ya mafundisho ya Buddha. Katika sura hiyo alimtegemea J. C. Kumarappa, mfuasi wa Gandhi aliyeandika gerezani kitabu juu ya uchumi wa kudumu, kilichotoka 1945. Kumarappa huyo alikuwa Mkristo wa Kitamil. Liweke akilini, maana wako watu leo, katika Bara Hindi na nje yake, wanaotaka kuifanya hekima hii kuwa mali ya dini moja dhidi ya jirani zake.

Basi deni lipo, na ni kubwa. Hapa ndipo ninapoagana na wasifu.

Wao husema: kwa kuwa fikra hizi ni njema, watu wakizipokea moyoni dunia itapona. Mimi nauliza: mbona pale zilipozaliwa hazikuponya? Hapana mto duniani unaosujudiwa kama Ganga. Toka barafu ya Gangotri mpaka Ghuba ya Bengal ni karibu kilomita 2,500, na katika mwendo huo wote watu huushukia asubuhi, huuwashia taa jioni, na majivu ya wafu wao huyamwaga humo. Kama heshima ya roho ingekuwa sabuni, maji yale yangekuwa safi kuliko ya mito yote. Lakini katika mji wa Kanpur viwanda vya ngozi vimeyatia kromiamu kwa miaka mingi, na miji mikubwa iliyo kando ya mto imeyafanya shimo la maji taka. Mwaka 1986 serikali ilianza mpango mkubwa wa kuusafisha mto. Mwaka 2014 ikaanza mwingine, ikatenga rupia bilioni 200. Hata leo maji taka yasiyosafishwa yanaingia.

Jambo hili halikutokea kwa sababu watu wale ni wanafiki. Wengi wana imani ya kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Mwenye kuamini ya kuwa Mama Ganga husafisha dhambi za ulimwengu huona kama kumtukana mtu akisema Mama mwenyewe amechafuka. Utakatifu, kwake, ni jambo moja. Takataka ni jambo lingine, na la pili haliwezi kuligusa la kwanza. Kwa njia hiyo heshima ile ile ambayo mwanafalsafa wa Oslo aliitazamia iwe mlinzi wa mto, mjini Varanasi iliweza kuwa pazia lililoufunika uchafu wake.

Alikuwapo mtu mmoja mjini humo aliyelijua jambo hili kwa mwili wake. Veer Bhadra Mishra alikuwa kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, na kwa cheo chake alipaswa kuoga katika Ganga kila asubuhi. Wakati huo huo alikuwa profesa wa uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Banaras. Kuhani alizama majini. Mhandisi akayachukua maji yale yale kwenda kuyapima, akayakuta yamejaa vijidudu vya kinyesi. Mtu mwingine angeliacha moja ya mambo hayo mawili: ama angeliacha kuoga, ama angeliacha kupima. Yeye hakuacha. Mwaka 1982 aliunda taasisi ya kuusafisha mto, akaweka maabara kando ya ngazi za maji, na kwa miaka thelathini na zaidi, hata alipofariki mwaka 2013, aliwasumbua wakubwa kwa hesabu za vijidudu katika kila kikombe cha maji. Tena aliwafundisha mahujaji wasiambiwe ya kuwa mama yao ni mchafu, bali waulizwe kama ni halali kumtupia mama kinyesi. Mtu huyu simwoni akitajwa katika vitabu vingi vinavyosifu roho ya Mashariki. Wanamtaka mwenye kufumba macho chini ya mti. Mwenye chupa ya kupimia hawana haja naye.

Wala simtaji peke yake. G. D. Agrawal, mhandisi aliyefundisha Kanpur na baadaye akavaa joho la utawa, alifunga chakula akiitaka serikali iuache mto upite bila kuzibwa kwa mabwawa. Alifariki tarehe 11 Oktoba 2018, siku ya 111 ya saumu yake, akiwa na miaka 86. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Machi 2017, Mahakama Kuu ya Uttarakhand ilikuwa imetangaza ya kuwa Ganga na Yamuna ni watu mbele ya sheria, wenye haki kama wewe. Magazeti ya dunia yalishangilia. Julai mwaka ule ule Mahakama ya juu kabisa ya nchi iliisimamisha hukumu hiyo, na wenye kushangilia hawakurudi kuandika.

Labda sasa utaniambia: basi mwalimu, wewe wasema fikra za kiroho hazifai kitu. Sikusema hivyo. Sikiliza habari za Wabishnoi, kisha uniambie tofauti iko wapi.

Katika jangwa la Rajasthan iko jamaa ya watu waliopokea amri 29 kutoka kwa mwalimu wao Jambheshwar mwaka 1485, na jina lao lenyewe ni hesabu ya amri hizo. Miongoni mwake imo amri ya kutokata mti mbichi na ya kuwahurumia viumbe wote. Mwaka 1730 mtawala wa Jodhpur alitaka kuni za kuchomea chokaa ya jumba lake, akawatuma watu wake katika kijiji cha Khejarli, penye miti mingi ya khejri. Amrita Devi, mwanamke wa kijiji hicho, aliukumbatia mti akauawa, na binti zake watatu wakamfuata. Na kwa hesabu waliyoitunza Wabishnoi wenyewe, watu waliokufa siku hiyo walifika 363 kabla mtawala hajatoa amri ya kuacha. Sasa tazama. Mti wa khejri huvumilia ukame. Majani yake ni malisho ya ngamia na mbuzi, maganda yake huliwa na watu, na mtama huota vizuri kivulini mwake. Wabishnoi hawakufia wazo la umoja wa ulimwengu. Walifia amri waliyoishika kila siku, katika mti waliokula kwao. Imani ilikuwa na kanuni, kanuni ilikuwa na kijiji kizima cha kuilinda, na kijiji kilikuwa na njaa ya kukikumbusha.

Ndivyo ilivyokuwa tena katika milima ya Garhwal. Julai 1970 mto Alaknanda ulifurika ukachukua vijiji na madaraja, na watu wa huko wakaona ya kuwa milima iliyonyolewa miti haikuweza kuyashika maji. Mwaka 1973 wanakijiji wa Mandal walimwomba Bwana Misitu wapewe miti michache ya angu, mti mwepesi na mgumu, watengeneze nira za ng'ombe wao. Wakanyimwa. Miti ile ile akapewa mwenye kiwanda cha vifaa vya michezo wa mji wa mbali. Hebu fikiri: nira ya mkulima ilikataliwa ili mtu mwingine apate kifaa cha kuchezea mpira! Chandi Prasad Bhatt, aliyeongoza chama cha kazi za mikono kilichofuata mafundisho ya Gandhi, aliwaambia watu waikumbatie miti kama mama akumbatiavyo mtoto aliyevamiwa na mnyama. Kukumbatia, kwa lugha yao, ni chipko.

Tarehe 26 Machi 1974 ikafika zamu ya kijiji cha Reni. Wanaume walikuwa wameitwa mjini Chamoli kwenda kupokea fidia ya mashamba yaliyochukuliwa na jeshi, nao wakataji miti wakaingia msituni kwa upande mwingine. Msichana mmoja akawaona. Gaura Devi, mjane wa makamo, kiongozi wa chama cha wanawake, akawakusanya wenzake, wote walikuwa 27, wakapanda hata wakasimama mbele ya mashoka. Alitukanwa, akaelekezewa bunduki, asiondoke. Aliwaambia wakataji ya kuwa msitu ule ulikuwa kwao kama nyumba ya mama mzazi. Walikesha wakilinda. Baada ya hapo serikali ya jimbo ikaunda kamati ya kuchunguza, ukataji ukakomeshwa katika bonde hilo kwa miaka kumi, na kufika mwanzo wa miaka ya 1980 ukakomeshwa kwa miaka kumi na mitano katika sehemu za milima hiyo zilizo juu ya mita 1,000.

Kumbe waandishi wa mbali walipoipata habari hii waliigeuza hekaya. Wakasema wanawake wa Bara Hindi wameikumbatia miti kwa sababu roho zao ni moja na roho ya msitu. Ramachandra Guha, mwanahistoria wa nchi hiyo, aliona uchungu. Mwaka 1989 aliandika kitabu kuonyesha ya kuwa Chipko ilikuwa tawi la vita virefu vya wakulima waliopokonywa misitu yao tangu enzi ya Waingereza. Na mwaka huo huo akaandika makala kuwapinga wafuasi wa ekolojia ya kina wa Marekani, akiwashtaki kwa kuchukua kutoka Mashariki kile walichokipenda tu, na kwa kuhubiri nyika zisizo na watu katika nchi ambamo hapana nyika isiyo na mwenyewe. Mfano wake ulikuwa mpango wa kuwalinda chui-milia uliofunguliwa mwaka 1973, ambao kwa ajili yake vijiji vilihamishwa. Mimi namkubali, tena naongeza neno. Mwaka 2005 ilithibitika ya kuwa katika hifadhi moja mashuhuri ya mpango huo, Sariska, hakubaki chui-milia hata mmoja. Wawindaji haramu walikuwa wamewamaliza. Palikuwa na walinzi wa mshahara, na jirani waliokwisha fanywa maadui. Ni nani angepiga kelele usiku? Mwaka uliofuata, 2006, bunge la India lilipitisha sheria ya kutambua haki za wakazi wa misitu. Ilichelewa, lakini ilikuja.

Hapa nitavuka bahari kidogo, maana mlango huu unatuhusu. Katika Pwani yetu, Wamijikenda wana kaya zao, misitu ya wazee, ambayo tangu 2008 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Mti wa kaya haukatwi. Aliyeukata hutozwa faini ya mnyama. Maharashtra nako wanayo misitu kama hiyo, wakiiita devrai, ya miungu ya kijiji. Hawakujifunza kwetu wala sisi kwao. Lakini kaya zilipoanza kumegwa kwa ajili ya viwanja na mahoteli, heshima ya vijana kwa wazee ilikuwa imekwisha punguka, na faini ya mbuzi haikumtisha mwenye hati ya ardhi. Ilipasa tangu 1992 zianze kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, sheria ya serikali isimame kando ya mila. Mwanafunzi wa Kilifi au wa Kwale atakayeandika katika insha ya kuwa wazee wake waliipenda misitu kwa roho, pasipo kuitaja faini wala hati, ataandika mambo mazuri yasiyomsaidia mzee yeyote.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema: ndugu, unaidai falsafa kazi isiyo yake, falsafa hubadili macho, na macho yakibadilika mikono itafuata. Jibu hili lina adabu, nami nitalijibu kwa adabu. Ni kweli macho ya Naess yalibadilika, na mikono yake ikafuata hata Mardøla. Lakini alimsoma Gandhi, na Gandhi hakuyatenga macho na mikono. Alifuma nguo, alisafisha choo, alilala gerezani. Waliokuja nyuma ya Naess walisoma sura ya nafsi wakaruka sura ya choo. Ahimsa ya Mjaini humzuia kula viazi vilivyochimbwa ardhini, asije akaua vidudu. Amri za Mbishnoi humnyima nyama, pombe na kuni mbichi. Fikra hizo kwa wenyewe ni mzigo wa kila siku. Zilipofika kwa wageni zikawa raha ya kutazama machweo ya jua. Mtu huruka kwa ndege mpaka Himalaya akajione kuwa kitu kimoja na mlima, kisha huruka kurudi, na moshi wa ndege haumo katika falsafa yake. Huyu amechukua ganda akaacha kiini, na ninachokasirika nacho ni kwamba baada ya hapo huwageukia watoto wa Reni kuwafundisha umoja wa viumbe.

Na Reni yenyewe? Juu yake, katika mto Rishiganga, kulijengwa mtambo wa umeme. Wanakijiji walikwenda mahakamani mwaka 2019 kulalamika juu ya milipuko ya baruti mlimani. Tarehe 7 Februari 2021 jabali kubwa na barafu vilimeguka juu ya bonde, maji na matope yakashuka, yakaufuta mtambo huo na kuvunja mwingine ulio chini yake. Watu zaidi ya 200 walikufa au hawakuonekana tena. Mwezi wa Juni mvua zikaila ardhi ya kijiji, na sanamu ya Gaura Devi ikabidi ing'olewe mahali ilipokuwa imesimama, wanawake wakilia, ikapelekwa Joshimath. Mwezi wa Julai watu watano, miongoni mwao wakazi wa Reni, walipeleka dai lao Mahakama Kuu ya Uttarakhand, ile ile iliyokuwa imeutangaza mto kuwa mtu. Mahakama ikalitupa dai, ikamtoza kila mmoja wao rupia 10,000.